Bluzi ya Chicago na Bluzi ya London
Muddy Waters, mwanamuziki wa bluzi (muziki wa Wamarekani weusi) aliyetoka mashamba ya pamba ya Mississippi, alishika gitaa la umeme ili sauti yake isimezwe na kelele za vilabu vya Chicago. Vijana wa bendi ya The Rolling Stones, walioanza London mwaka 1962, walijifunza muziki huohuo kwenye santuri, na hata jina lao wakalitoa katika wimbo wake wa mwaka 1950. Kwake gitaa hulia taratibu, kila noti ikivutwa kama mtu anayesimulia msiba. Kwao mwendo ni wa haraka. Mimi nampenda zaidi mwalimu. Hata hivyo, ni Waingereza hao, waliorekodi katika studio ya Chess mjini Chicago mwaka 1964, waliowafikishia vijana wengi weupe wa Marekani muziki uliozaliwa nchini mwao wenyewe.