Kutoka viza ya mwenza hadi uraia wa Uingereza: huduma tulizozilipia na ile tuliyokaribia kuikosa

Mke wangu alizaliwa Leicester, kwa wazazi waliotoka Unguja, na mimi nimezaliwa na kukulia Tanga, ambako ndiko tulikooana mwezi wa Desemba 2018. Tangu tulipotuma ombi la kwanza la viza ya mwenza, Februari 2019, hadi siku nilipokula kiapo cha uraia, Julai 2025, tulizilipia huduma za watu watatu: wakala wa Dar es Salaam, mwanasheria wa Leicester na wakili wa Tanga. Majina yao nitayaacha, kwa kuwa nia yangu ni kueleza kila mmoja wao alituuzia nini hasa, na kama kilistahili fedha yake.

Nianze na wakala, kwa sababu ndiye aliyetugharimu zaidi. Ofisi yake ilikuwa nadhifu, ina bendera ndogo mezani na picha za wateja wakiwa wameshika pasipoti, na kifurushi chake cha shilingi milioni mbili na nusu kiliahidi kushughulikia kila kitu. Kwa wiki nzima alitushughulisha na picha za harusi. Alitaka zisipungue 100, zipangwe kwa tarehe, na kila moja iwe na maelezo ya nani amesimama wapi, hata shangazi yangu aliyeonekana mgongo tu akiwa anapakua pilau. Mke wangu alipompigia simu kumuuliza kuhusu hati zake za mshahara, alijibiwa, “Usiwe na wasiwasi, shemeji, hilo ni jambo dogo.”

Halikuwa dogo. Wakati ule mwenza aliyeko Uingereza alitakiwa kuthibitisha kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 2012, na kwa mwajiriwa uthibitisho wenyewe ni hati za mshahara za miezi sita pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha mshahara uleule ukiingia. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa na kipato hicho na zaidi. Tatizo ni kwamba kanuni zinataka taarifa ya benki ya mwisho isiwe na umri wa zaidi ya siku 28 siku ombi linapotumwa, na yetu ilikuwa ya tarehe 3 Januari. Wakala, ambaye bado alikuwa akipanga picha, alituma ombi tarehe 11 Februari. Mwezi wa Mei tulipata barua ya kukataliwa, na sababu yenyewe ilielezwa katika aya moja fupi isiyosema lolote kuhusu picha.

Ada ya viza, pauni 1,523, hairudishwi. Kilichorudi ni tozo ya huduma za afya tu, pauni 1,200 kwa miaka mitatu, kwa kuwa tozo hiyo hurudishwa pale ombi linapokataliwa. Wakala alisikitika pamoja nasi, kisha akatupendekezea kifurushi cha rufaa.

Ndipo mke wangu alipomwendea mwanasheria wa Leicester. Uingereza ni kosa la jinai mtu kutoa ushauri wa uhamiaji kama hana sifa za kisheria au hajasajiliwa na msimamizi wa washauri hao, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi mtandaoni kwa yeyote anayetaka kuhakiki jina. Ofisi iliyoko Dar es Salaam haiguswi na utaratibu huo. Jambo hili ningependa kila mwenye mchumba Ulaya alijue kabla hajatoa hata shilingi ya kitangulizi.

Mwanasheria huyu hakutuuzia kifurushi. Alitoza pauni 120 kwa saa moja, akatueleza kwamba fomu tutaijaza wenyewe na yeye ataikagua, kisha akachukua penseli na kupitia orodha yetu ya nyaraka mstari kwa mstari. Picha zote alizipunguza zikabaki nane. Cheti chetu cha ndoa cha BAKWATA, baraza la Waislamu, alikisogeza pembeni na kuuliza kilipo cha RITA, wakala wa usajili wa serikali, ambacho kwa bahati nzuri tulikuwa nacho. Rufaa aliipinga, akisema kwamba kosa la tarehe ni nafuu kulirekebisha kwa ombi jipya kuliko kulibishania kwa miezi. Tulituma upya mwezi wa Juni, na Septemba 2019 nikatua Uingereza nikiwa na viza ya miezi 33.

Hata hivyo, sifa ya huduma yake haiko hapo. Katika saa ileile ya kwanza, nikiwa bado Tanga na viza sina, alimwambia mke wangu kwamba maombi ya mwaka 2022 yanaanza siku nitakayofika. Viza ya kwanza inapokaribia kuisha, wanandoa hutakiwa kuonyesha kwamba wameishi pamoja, na ushahidi unaozoeleka ni barua sita zilizoandikwa kwa majina yao yote wawili, kutoka vyanzo visivyopungua vitatu, zilizotawanyika ndani ya miaka miwili. Nyumba nyingi za watu wetu, alisema, kila ankara huja kwa jina la aliyetangulia kufika, kisha muda ukikaribia ndipo watu wanapoanza kukimbizana na kampuni ya umeme. Wiki yangu ya kwanza Leicester, kabla sijajua hata duka la samaki liko wapi, jina langu liliingizwa kwenye mkataba wa nyumba, kodi ya halmashauri na ankara ya maji, na kopo tupu la biskuti likawekwa chini ya kitanda kupokea kila bahasha. Mei 2022 tulilimwaga kitandani na kuokota barua sita katika muda wa kuchemsha chai.

Ongezo hilo la miezi 30 lilitugharimu pauni 1,048 za ada na 1,560 za afya. Safari hii nilifanya kosa langu mwenyewe, nalo linahusu majaribio ya Kiingereza. Ngazi ya A1 inatosha kupata viza ya kwanza, A2 kwa ongezo, na B1 kwa ukaazi wa kudumu, nami nikayafanya yote matatu kwa zamu kama mtu anayepanda ngazi. Kumbe cheti cha ngazi ya juu kilichokwisha kukubaliwa hatua moja kinaweza kutumika tena katika hatua inayofuata, na mtu aliyesoma sekondari kwa Kiingereza angeweza kufanya B1 tangu mwanzo na kuokoa ada mbili. Mwanasheria sikumuuliza, naye hakudhani kwamba kuna mtu wa kufanya hivyo.

Jaribio la maarifa kuhusu maisha ya Uingereza halina mengi. Ni maswali 24 kwa dakika 45, unahitaji majibu sahihi 18, na ada ni pauni 50. Kitabu rasmi kimoja kinatosha, na programu za simu za kulipia kila mwezi ni hasara.

Ukaazi wa kudumu niliuomba Septemba 2024, baada ya miaka mitano kamili, kwa pauni 2,885. Anayeanza leo atakuta mlima mrefu zaidi: tangu Aprili 2024 kipato kinachotakiwa kwa waombaji wapya ni pauni 29,000, na tozo ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka. Sisi tuliokwisha kuingia kwa kiwango cha zamani tuliruhusiwa kuendelea nacho.

Mwenza wa raia wa Uingereza halazimiki kusubiri mwaka mwingine baada ya kupata ukaazi wa kudumu, bali anaweza kuomba uraia mara moja, mradi ameishi huko miaka mitatu bila kuwa nje kwa zaidi ya siku 270, na zisizidi 90 katika mwaka wa mwisho. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi. Nilikuwa na daftari la safari, ambalo nalo lilikuwa wazo la mwanasheria, na ndani yake kulikuwa na wiki tano za mwaka 2023 nilizokaa Tanga baada ya mama kufariki. Kama si daftari hilo, nisingeweza kuzihesabu, kwa kuwa Uingereza haigongi muhuri mtu anapotoka. Ada pamoja na sherehe ilikuwa pauni 1,630. Ukijumlisha na ile ada iliyopotea, serikali tuliilipa pauni 11,419, bila kuhesabu majaribio ya lugha wala nauli.

Hapa ndipo nilipogundua kilichokosekana katika huduma zote mbili. Wakala aliniuzia viza na mwanasheria aliniuzia usahihi, lakini hakuna aliyeniuliza nitapoteza nini. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima: Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamwondolea uraia anayepata wa nchi nyingine kwa hiari yake. Jirani yetu Mkenya, ambaye katiba ya nchi yake ya mwaka 2010 inamruhusu kubaki na uraia wote wawili, aliniuliza kwa nini naahirisha kubonyeza kitufe cha malipo ilhali fomu imekamilika. Haikuwa rahisi kumweleza. Simlaumu mwanasheria, maana sheria za Tanzania si kazi yake, lakini katika saa tatu tulizomlipia kwa miaka yote hiyo, swali moja tu, “Una mali nyumbani?”, lingenitosha.

Mali ninayo: kiwanja cha Tanga, alichoniachia mama. Kwa kawaida, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Aliyenikumbusha ni binamu yangu, kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, na ndiye aliyeniunganisha na huyo wakili wa Tanga, mzee anayeandika kwa mkono kwanza kabla ya kumpa karani wake achape. Alitoza shilingi laki sita kukihamishia kiwanja kwa jina la dada yangu, akanitaka nisile kiapo chochote kabla hajanipigia simu, na kila Ijumaa baada ya swala alinitumia picha ya hatua iliyofikiwa ofisi ya ardhi. Dada yangu alikuwa amekwisha kubali kwamba nyumba ikijengwa, chumba cha uani ni changu. Hati ilitoka kwa jina lake siku 19 kabla ya sherehe ya Leicester, na simu ya mzee ikaniingilia nikiwa kazini: “Haya mwanangu, sasa nenda kaape.”