Tuisheni ya falsafa ya sheria, Sanawari, Arusha: mwalimu safi, madesa usinunue

Chumba kiko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Mwalimu ni hakimu mstaafu, mama wa makamo ya bibi, na ada ni shilingi 5,000 kwa kipindi. Kama unasoma sheria kwa masafa huku mchana ukiwa karani kwenye ofisi ya wakili kama mimi, mpelekee somo hili. Ila madesa, zile kopi za maelezo wanazouza mlangoni, pita kama hujaziona.

Somo lenyewe wengi tunaliogopa kwa jinsi linavyofundishwa: orodha ya marehemu wa Ulaya. Austin 1832, sheria ni amri ya mtawala yenye adhabu nyuma yake. Kelsen na kanuni yake ya msingi. Hart 1961. Unakariri, unamwaga kwenye karatasi ya mtihani, kesho yake huna hata jina moja kichwani. Mama huyu anaanza na kesi, marehemu wanakuja baadaye.

Jioni niliyoipenda kuliko zote alitupa kesi ya Ephraim na Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Mwanamke wa Kihaya alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mwanaukoo akaenda mahakamani: mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na mila hiyo imeandikwa kabisa kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Jaji Mwalusanya akaikataa, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi.

“Haya, Austin anasemaje?”

Kaka mmoja, dalali wa mahakama, akajibu kwa kujiamini kwamba kwa Austin mila si sheria, hakuna mtawala aliyeiamuru.

“Na Tangazo la Serikali hutolewa na nani, baba?”

Darasa likacheka, yeye akashika kichwa. Kwa kipimo cha Austin, kanuni ile ya kibaguzi ilikuwa sheria kamili. Akaja Kelsen: kila kanuni inapata nguvu kutoka kanuni iliyo juu yake, kwa hiyo Haki za Binadamu zilipoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, mila ile ilibaki haina pa kusimama. Sasa mbona bado ilihitaji jaji aseme? Hapo akamleta Mmarekani Holmes, aliyesema sheria ni utabiri wa kile mahakama zitakachoamua. Tulibishana mpaka mlinzi akapanda kutaka kufunga. Shamba moja, watu watatu, majibu matatu, na kila jibu lina faida kwa mteja wa upande fulani. Mimi nilikuwa najua kesi hiyo kwa kuichapa tu.

Kesi ya Matovu ya Uganda, 1966, aliipitia harakaharaka, nami nikasikitika, maana pale nadharia iliingia mahakamani yenyewe: majaji walimtumia Kelsen kuitambua katiba mpya aliyoiweka Rais Obote baada ya kuifuta ya zamani. Ile ilistahili jioni nzima.

Sasa madesa. Shilingi 12,000, kurasa nyingine zimefifia, lakini hilo ningevumilia. Tatizo ni kwamba mtayarishaji amechanganya matumizi mawili ya neno jurisprudensia. Sura ya kwanza inasema ni falsafa ya sheria, sawa. Sura ya tatu, katikati ya Austin na Hart, ghafla kuna “jurisprudensia ya Mahakama ya Afrika” (ile ya haki za binadamu, iliyo hapa hapa Arusha) na hukumu ya Mtikila ya 2013 kuhusu mgombea binafsi, kana kwamba ni nadharia nyingine. Siyo. Hapo maana yake ni mkusanyiko wa maamuzi ya mahakama na misimamo inayotokana nayo, ndivyo Wafaransa wanavyolitumia neno hilo, na Mahakama ya Afrika inafanya kazi kwa Kifaransa pia. Kwa mji kama wetu, uliokuwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyotoa hukumu ya Akayesu mwaka 1998, maana hii ya pili ndiyo utakayoisikia ofisini kila wiki. Wakili akikuambia umtafutie jurisprudensia kuhusu haki ya kusikilizwa, anataka hukumu mezani kwake kabla ya saa nne, hataki Plato. Mwalimu mwenyewe anatofautisha vizuri, sijui kwa nini hazipitii zile kopi kabla hazijauzwa.

Hukumu za Tanzania ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII, zisome huko, pesa ya madesa lipia vipindi viwili ubaki na chenji ya mtori.

Vipindi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni. Ukichelewa anakuacha nje mpaka mapumziko, hata umwamkie vipi. Viti ni vya plastiki, madirisha mawili hayafungi, kwa hiyo Juni na Julai beba sweta. Malipo ni kwa simu, na risiti unapewa ukiomba.