Uzoefu wangu: nimemsoma Radioactive Man nikiwa na beji ya mionzi kifuani

Kazi yangu ni eksirei, huu mwaka wa nane nipo kwenye chumba kile kile chenye mlango wa risasi (ile ya madini) na beji ya kupimia mionzi haitoki kifuani mpaka nimalize zamu. Sasa rafiki yangu mmoja aliponiambia kwenye komiki za Marekani kuna adui anaeitwa Radioactive Man (yaani Mtu wa Mionzi) ambae nguvu zake zote ni mionzi, mwili wenyewe unatoa mionzi kama kinu cha nyuklia, nikasema huyu lazima nimsome, nikaagiza vitabu viwili kwa mpigo.

Cha kwanza ni mkusanyiko wa hadithi za mwanzo za Thor, yule shujaa wa komiki mwenye nyundo, jalada gumu, rangi zote zipo. Jamaa anatokea toleo la Juni 1963, kazi ya Stan Lee na Robert Bernstein, michoro Jack Kirby. Jina lake halisi Chen Lu, mwanasayansi wa nyuklia wa China. Thor kaingilia vita ya mpakani kati ya China na India akiwa upande wa India, wakubwa wa China wamekasirika wanatafuta mtu wa kumkabili, Chen Lu anasema mimi hapa.

Kilichonishika ni jinsi alivyozipata hizo nguvu. Fikiria wenzake wa kipindi hicho, Bruce Banner (Hulk) kapigwa na bomu la gama 1962, Peter Parker (Spider-Man) kang'atwa na buibui mwenye mionzi mwaka huo huo, Matt Murdock (Daredevil) kamwagikiwa machoni na kitu chenye mionzi 1964, wote ajali tupu. Chen Lu peke yake ndo alikaa chini akapiga hesabu, akajipa dozi ndogo, akaongeza taratibu kwa muda mrefu mpaka mwili ukazoea, ndipo akajipiga ile kubwa ya mwisho. Mimi ambae naseti dozi ya mgonjwa asubuhi mpaka jioni niliweka kitabu chini kidogo hapo, maana huyu ni mtu wa fani yangu kabisa, anajua dozi ni nini.

Ila kiukweli mwili haufanyi hivyo na niseme wazi kwa sababu kuna vijana wanasoma hizi hadithi. Mionzi inavunja vinasaba ndani ya seli, mwili unarekebisha kiasi unachoweza, kilichobaki hatari yake ya kansa inajumlishwa tu mwaka hadi mwaka, ndo maana sisi tunawekewa kikomo cha wastani wa milisivati 20 (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mwaka na beji inasomwa kila baada ya muda. Ukipigwa mwili mzima milisivati 4,000 au 5,000 kwa mara moja na usitibiwe, ni nusu kwa nusu kufa au kupona. Hakuna kuzoea. Wale mabinti wa Marekani waliokua wanapaka rangi ya radiamu, madini yenye mionzi, kwenye saa miaka ya 1920 walikua wanachonga brashi kwa midomo, dozi kidogo kidogo kila siku kama Chen Lu vile, na mifupa ya taya ikaoza.

Na nadhani ule ukijani wake mwilini unatokea huko huko, maana zile saa za radiamu ndo zilikua zinang'aa kijani gizani na watu wakabaki na picha hiyo. Mwanga halisi ukiangalia ndani ya maji ya kinu cha nyuklia ni wa bluu, bluu nzuri sana yaani. Lakini kuna picha moja Chen Lu amesimama mikono wazi, mwili mzima unang'aa, wino mweusi mzito kuzunguka vidole, nimeiangalia mara nyingi sana na sitaki ingekua bluu.

Pambano lenyewe ni fupi. Anamlaza Thor kwa mwanga wa kupumbaza akili mpaka Thor anaitupa nyundo yake mbali kwa mkono wake mwenyewe, sehemu bora ya hadithi hiyo, alafu mwishoni Thor anatengeneza kimbunga kinamrusha jamaa mpaka kwao China akalipuke huko.

Hapo ndo nilipoumia. Kijana wa Kimarekani akipigwa na mionzi anakua stelingi, Mchina akijipa mionzi kwa akili yake anakua adui na analipukia nyumbani kwao, na wenye hadithi wanaona imeisha vizuri. China yenyewe ilijaribu bomu lake la kwanza Oktoba 16, 1964, zaidi ya mwaka mzima baada ya toleo hili kutoka, kwa hiyo hofu ilitangulia bomu. Naelewa ni enzi zile za vita baridi ila mtu mwenye kichwa kama kile alistahili hata kurasa mbili za kumjua, tunapewa hasira tu na kejeli. Mwaka 1964 wakamrudisha kwenye genge la adui mwingine, Baron Zemo, kupambana na kikosi cha mashujaa cha Avengers, na huko pia ni mkono wa kurusha mionzi tu, basi.

Kitabu cha pili ndo kimenifanya niandike. Ni cha miaka ya 2000, Chen Lu yupo kwenye kikosi cha Thunderbolts, wahalifu wanaojaribu kubadilika. Huyu ni mtu mzima sasa, anaongea taratibu, mara nyingi yeye ndo mwenye busara kwenye chumba kilichojaa vichaa, na anavaa vazi maalum la kuzuia mionzi isiwadhuru anaokaa nao. Kila akitokea macho yangu yanaenda kwenye lile vazi. Mimi navaa aproni ya risasi ili mionzi isiniingie, na jioni naitundika ukutani naenda kumbeba mwanangu, huyu anavaa ili isimtoke, sasa ataivua wapi na atambeba nani? Hakuna mtu kwenye kitabu anaemuuliza hilo swali.

Kuhusu manunuzi, muuzaji alifunga vitabu kwa karatasi moja nyepesi, kona ya kile cha kwanza imefika imekunjika na nikiandika sijibiwi. Karatasi za ndani nzuri, maandishi yanasomeka hata usiku. Kama unataka kimoja tu chukua cha Thunderbolts, nyota tano bila kusita. Cha Thor nakipa tatu, zote ni za mkono wa Kirby.