Daiodi za Kuhamisha Antena Kati ya Kurusha na Kupokea: Ununue Ipi?

Usichague kwa ampea pekee. Angalia volti ambazo daiodi inahimili ikiwa imezimwa, na muda ambao chaji hukaa ndani yake. Hapa uvivu ni sifa: daiodi inayochelewa kuzima haiwezi kufuata mawimbi ya redio, kwa hiyo huyapitisha kama rizista ndogo bila kuyakatakata.

1. 1N4007. Kwa megahezi 3.5 hadi 14 na nguvu isiyozidi wati 10, anza na hii. Imetengenezwa kwa ajili ya vifaa vya umeme wa kawaida, lakini muundo wake unakaribia ule wa PIN (daiodi yenye tabaka nene la kati lisilotiwa uchafu, linalohifadhi chaji) na inahimili volti 1000. Udhaifu wake ni kapasitansi ya takriban pikofaradi 15, inayovujisha mawimbi hata ikiwa imezimwa. Ikiwa imezimwa, peke yake kwenye njia ya omu 50, huzuia desibeli 24 kwenye megahezi 7, ila 12 tu kwenye 28. Huko juu ongeza ya pili inayopeleka mabaki ardhini. M7 ni hiyo hiyo kwa umbo dogo la kubandika. UF4007 na FR107 ziache dukani: zina kasi mno. Nunua kumi za kundi moja uzipime, maana watengenezaji hutofautiana.

2. PIN halisi, mfano UM9401. Ni ya nguvu kubwa na megahezi 100 kwenda juu. Kwenye megahezi 145, weka moja mfululizo upande wa kurusha, kisha waya koaksia wa sentimita 34 (robo ya wimbi, kwa waya ambao kasi ya mawimbi ndani yake ni 0.66 ya kasi ya mwanga) hadi ya pili, iliyo kati ya mlango wa kipokezi na ardhi. Zote huwaka wakati wa kurusha, hivyo hazidai volti kubwa za kinyume (zile zinazoizuia daiodi isiwake).

3. BA482. Mwisho wake volti 35. Inafaa kuchagua vichujio vya kupokea tu, basi.

4. 1N4148. Hatua za ndani zenye miliwati chache tu.

Kuwasha 1N4007 kwa volti 12, rizista ya omu 470 ya nusu wati hutoa miliampea 24. Ongeza choki (koili inayozuia mawimbi ya redio) ya mikrohenri 100 na kapasita za nanofaradi 100. Choki ikiwa ndogo, nguvu huvujia kwenye waya wa umeme.

Daiodi ya mfululizo upande wa kupokea isiachwe ikielea wakati wa kurusha. Wati 5 kwenye omu 50 zina kilele cha volti 22. Wati 100, volti 100. Bila volti za kinyume za kutosha itaanza kupitisha, itazalisha hamoniki (mawimbi ya ziada kwenye mafungu ya masafa yako), na transista ya kwanza ya kipokezi inaweza kuungua. Kwa wati 100 za mawimbi mafupi, kama huhitaji kusikiliza katikati ya nukta za Morse, rilei (swichi inayosukumwa na sumaku ya umeme) ni nafuu na salama zaidi.