Pitimosi imepanda bei? Nimejaribu makumbi ya nazi, pumba na udongo wa kawaida

Habari zenu, wakulima wenzangu. Leo niko kibarazani kwangu Mbagala na trei tatu za nyanya, zote nilizisia siku moja. Mnaniuliza sana: pitimosi imekuwa ghali, tusie kwenye nini?

Kwa asiyeijua, pitimosi ni mimea iliyooza nusu kwenye vinamasi vya nchi za baridi, na hujilimbikiza kama milimita moja tu kwa mwaka. Inachimbwa Kanada na Latvia, inavuka bahari, halafu inanunuliwa na sisi tunaotupa makumbi jalalani!

Trei hii ya udongo na samadi sitaisemea sana. Ugonjwa wa kinyausi. Mche unanyong'onyea shingoni, unalala. Nusu imekwenda, na kosa ni langu, samadi haikuwa imeiva.

Hii nyeusi ni pumba za mpunga zilizochomwa, ila hazikuachwa ziwe majivu. Hazituamishi maji, lakini zikiwa peke yake, saa sita mchana zimeshakauka.

Sasa kokopiti, yaani vumbi la makumbi. Tofali la kilo 5 ukililowesha linafura, unapata lita 60 na ushee. Sogea hapa. Nachota konzi, nakamua… matone mawili, matatu, basi. Nikifungua kiganja, donge halivunjiki. Mbegu inataka unyevu wa namna hiyo.

Ila tofali langu la kwanza liliniunguzia miche, majani yakakauka kingoni. Chumvi, jamani! Sisi watu wa pwani tunajua makumbi hufukiwa kwenye matope ya bahari ili kupata usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Ukisaga hayo, unasaga na chumvi yake. Hili la sasa nimelisuuza mara tatu, nikaliloweka usiku kucha kwenye maji yenye kalsiamu naitreti, mbolea inayosaidia kuitoa chumvi, nikasuuza tena. Maji ya kwanza niliyagusa kwa ulimi, nikatema. Ya mwisho hayana ladha.

Mchanganyiko ninaobaki nao ni kokopiti makopo mawili, pumba za kuchomwa kopo moja. Chakula humo hakuna, kwa hiyo majani halisi, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza, yakitoka anza mbolea ya maji, nyepesi. Ukihamishia kwenye ndoo, ongeza mboji iliyoiva.

Na hata muuzaji akikuapia kwamba tofali limeshasuuzwa, wewe lionje.