Ndevu kwa mwanamke: vidonge au leza?

Ukichoka kunyoa kidevu kila asubuhi na kubaki na vipele, njia mbili zipo. Vidonge vya spironolaktoni huzuia homoni za kiume zisichochee nywele. Subiri kama miezi 6, na usishike mimba ukiitumia, maana inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Leza, yaani mwanga mkali, huunguza shina lenyewe la nywele, kwa awamu kadhaa, ila nywele nyeupe haiziwezi. Kwa ngozi yetu nyeusi, uliza kwanza kama mashine ni leza ya aina ya Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 1064. Nyingine zinaweza kukuachia mabaka ya kuungua, na uso ndio huo huo mmoja. Mimi ningepima homoni kwanza, kisha nitumie zote mbili: leza peke yake haigusi chanzo, nywele mpya zitachipua.