Nilibeba mikanda 24 ya filamu kwenda Oman, kaunta ya ukaguzi ikanikomesha

Kama kungekuwa na nyota sifuri ningeweka sifuri. Nazungumzia kaunta ya ukaguzi wa mizigo ya mkononi kwenye uwanja niliobadilishia ndege nikienda Muscat, uwanja wenyewe siutaji, wanaopita pale wataujua tu kwa kiburi cha watu wake. Na nyie wa "si upige na simu tu kaka", naomba mkae pembeni kidogo, hilo shangazi yangu alishanisema vya kutosha.

Iko hivi. Mtu anayepiga na filamu akitaka kusafiri nje, swali la kwanza sio hoteli, ni abebe mikanda mingapi. Ukibeba michache inakuishia mahali ambapo huna uhakika hata kama kuna duka, ukibeba mingi unatembea na hela yako yote begani. Mi hesabu yangu huwa mikanda miwili kwa siku ya kazi, mmoja kwa siku ya kukaa na ndugu, halafu naongeza kidogo kwa sababu najijua. Kwa Oman ikanipa 24: HP5 za nyeusi na nyeupe kumi na sita, Kodak Gold 200 za rangi sita, na Delta 3200 mbili, nazo nyeusi na nyeupe (namba ikipanda filamu inanasa mwanga haraka, na mionzi pia inaiumiza haraka), kwa ajili ya usiku pale soko la Muttrah maana vile vichochoro vyake vya ndani unategemea taa za maduka tu na mi flashi siipendi kabisa. Kila mkanda una picha 36, kwa hiyo 24 mara 36 ni picha 864. Ukiitamka hivyo ni nyingi, ila ngoja ufike Nizwa Ijumaa asubuhi kwenye soko la mifugo, wauzaji wanazunguka na mbuzi kwenye duara, wanunuzi wengine wamekaa katikati wengine nje, mtu anamshika mbuzi anampapasa anamkagua meno huku bei zinapigwa kelele juu kwa juu, pale mkanda unakata hata jasho hujafuta.

Nilijiandaa jamani. Mikanda niliitoa kwenye maboksi, nikaitoa hadi kwenye vikopo vyake, nikaipanga kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, nikaweka begi la mkononi. Kwenye begi la kwenda tumboni mwa ndege hauweki filamu, mashine za kule ni kali zaidi, hilo halina mjadala. Na pale tulipoondokea mambo yalikuwa matamu, mama mmoja wa ukaguzi kaushika mfuko, akaniangalia usoni, "Mwanangu, hizi bado zipo?" Nikamwambia zipo mama, ila mionzi haziipendi. Akacheka, akapangusa mfuko na kile kitambaa chao, akakiweka kwenye kimashine, kikakaa kimya, akanirudishia. Haikuchukua hata dakika tatu na nyuma yangu foleni ilikuwepo.

Sasa njoo huku pa kubadilishia ndege.

Tunaingia tunasikia wanapiga kelele laptop msitoe, vimiminika msitoe, acheni kila kitu ndani ya begi. Watu wanafurahi, mi tumbo likanikata. Wakikwambia laptop usitoe jua hiyo sio eksirei ya zamani, hiyo ni CT, ukoo mmoja na ile ya hospitali, inalizunguka begi na kulipiga kutoka kila upande mpaka wanaliona lote kwenye skrini, na filamu humo inakula mionzi ya kutosha kuharibika hata kwa kupita mara moja. Kodak wameshatahadharisha, Ilford wenye HP5 na Delta wameshatahadharisha, wote wanasema omba ikaguliwe kwa mkono. Basi nikatoa mfuko wangu, nikaomba, na niliomba kwa adabu mnaonijua mnajua.

Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja wa Kizungu, kamera ya Leica shingoni, ana mikanda mitano kwenye kimfuko kama changu. Akaomba. Jamaa akaipokea, akaipangusa, akamrudishia na tabasamu juu. Nikasema ahaa, kumbe hapa wastaarabu. Ikafika zamu yangu, jamaa yuleyule, kuuona tu mfuko akasema "Hizi ni nyingi mno." Nikamwambia bwana, ni kitu kilekile alichokuwa nacho mzee aliyetoka sasa hivi. "Ni nyingi mno." Akaninyooshea kidole stika iliyobandikwa ubavuni mwa meza, kona moja imeshabanduka, inasema filamu hadi namba 800 haina shida. Nikamweleza stika hiyo ni ya zile mashine za zamani, hii sio yenyewe, na isitoshe humu ndani kuna mbili za 3200, soma mwenyewe zimeandikwa.

Akachomoa mkanda mmoja wa HP5. Nikajua anasoma namba. Kumbe! Akaushika ule ulimi unaochungulia nje akaanza kuuvuta, taratibu, kama fundi cherehani anavyovuta tepu yake, ukatoka urefu wa mkono mzima, mwanga wa taa zote za ukumbi umeupiga, akaugeuza kuangalia upande wa pili kuna nini, hakuna kitu, akajaribu kuurudisha ndani kwa kidole. Kwa kidole! Ukakunjika, ukakataa. Akauchomeka kwenye mfuko hivyohivyo umening'inia, akautupa mfuko wote kwenye trei, trei ikaingia kwenye CT, mi nimesimama nimeacha mdomo wazi, nikitaka kusema neno akapaza sauti juu ya bega langu, "Anayefuata!"

Sitaki kusema ni rangi ya pasipoti. Nimejikaza sana nisiseme. Inawezekana kweli ni wingi tu, mitano unaimaliza kwa jicho moja, 24 ni kazi, na mtu yuko mwisho wa zamu. Kwa hiyo ushauri wangu nilipokuwa nimekaa geti nikisubiri ndege ulikuwa huu: sahau hesabu za siku na picha, idadi ya kubeba inapangwa na uvumilivu wa yule unayekutana naye kaunta, beba kumi usizidishe. Nilikuwa nimeshaiandika kabisa kwenye simu.

Halafu Muscat ikanivuruga tena. Shangazi yuko Seeb, pembeni ya Muscat, mikanda akaiingiza friji pembeni ya halwa, kila jioni ananiuliza "mwanangu, hizo picha zote za nini, za kwako wewe au za serikali?" Mi akili haikutulia. Kila nikipiga najiuliza huu mkanda mzima au umeshaungua? Nikawa napiga kila kitu mara mbili, mara tatu, kwenye HP5 halafu narudia kwenye Gold kwa kuwa hiyo 200 ni ngumu kidogo kwa mionzi. Nilipofika Sur pale wanapotengeneza majahazi, mbao zile zimekaa, fundi mmoja mzee kidogo kumbe Kiswahili anakijua, tunapiga stori za Unguja, nikatia mkono kwenye begi, hola. Mikanda imekwisha! Fundi ananiambia haya piga basi, mi nimeshika kamera tupu namchekea. Kwa hiyo hiyo kumi niliyotaka kuwashauri ifuteni, kumi ingeishia Nizwa palepale.

Kurudi nililipa hela ya kubadilisha tiketi ili nije moja kwa moja Dar, nisiione tena ile sura. Hiyo hela nayo iandikwe kwenye deni lao.

Nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe bafuni, kwa dawa ya D-76, na wenzangu wa Dar mnajua maji ya bomba letu, bila barafu digrii 20 huipati. Nikatundika. HP5 zimetoka, zina picha, ila ukizishika kwenye mwanga, pale pembeni penye matundu panapotakiwa pawe peupe pana kijivu, na kwenye baadhi ya mikanda hicho kijivu kinakuja na kupotea, kinakuja na kupotea, kama mawimbi, fremu hadi fremu. Unaweza kuprinti, lakini weusi hauwi weusi tena. Gold nilituma kusafishwa, zimerudi safi kabisa, sina neno. Delta 3200 zote mbili zimekufa. Basi, karibu zote. Kuna fremu moja ya mzee muuza ubani pale Muttrah, kainamia chetezo chake, moshi unapanda, na kwa juu kuna ule ukungu wa mashine, sasa huwezi kujua moshi unaishia wapi na uharibifu unaanzia wapi. Nimewaonyesha watu, kila mmoja ananiambia hii ndio picha yako bora ya safari nzima, mmoja anataka kuinunua. Yaani nimekasirika zaidi! Ile picha sikuipiga peke yangu, nusu kapiga yule mshenzi na stika yake.

Safari ijayo nabeba 20. Labda 22. Nitaigawa mifuko miwili, na mwenzangu mmoja atashika nusu, tupange foleni tofauti, kila mtu aonekane ana vichache, na zile 3200 siendi nazo tena, au naenda nazo mbili, sijaamua, picha ya ubani nayo inanisumbua. Na tiketi ya kubadilisha ndege pale hata wanipe bure sichukui.

Nyota moja ibaki palepale. Ya pili ningempa yule mama wa "bado zipo", ila yeye sio mfanyakazi wao.